Ndege wa Bwawa la Tatu

Saa kumi na nusu ya jioni ilimkuta msusi bado amesimama nyuma ya kichwa cha Redio, vidole vimekakamaa, miguu imemvimba, na kichwa chenyewe hakijaisha. Upande wa kushoto ulikuwa tayari: mistari kumi na minne, myembamba, imenyooka kama matuta yaliyopimwa kwa kamba. Upande wa kulia nywele zilikuwa zimetimka zinatazama dari. Ukimwangalia Redio kwenye kioo, ungedhani ni watu wawili waliogombana, wakalazimishwa kutumia shingo moja.

Redio alikuwa karani wa mapokezi kwenye zahanati ya mtaa. Jina hilo alipewa na majirani, kwa sababu habari ikimfikia asubuhi, adhuhuri imeshavuka barabara. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu hana mfuniko. Kesho yake zahanati ilikuwa inawapiga wafanyakazi picha za vitambulisho, ndiyo maana alifika tangu saa saba na karatasi ya mtindo aliyoikata kwenye gazeti, mtindo wa mistari ishirini na minane, akakalia kiti na kuanza kutangaza.

Lakini leo msusi hakuwa anasikiliza. Kila baada ya mistari miwili alitupa jicho kwenye saa ya ukutani. Redio akamuuliza ana nini, mbona anaitazama saa kama mtu mwenye mgonjwa wa kulazwa. Msusi akasema hana mgonjwa, ana safari. Redio akataka kujua ni safari gani hiyo ya jioni jioni, na kichwa cha mteja kiko wazi.

"Naenda kuangalia ndege," msusi akasema.

Redio aligeuza shingo, mstari wa kumi na tano ukamponyoka msusi mkononi.

"Kwani nani anasafiri?"

"Si ya kupanda. Mwenye mabawa."

Redio alimtazama kupitia kioo. Kisha akasema kwamba pale nje ya dirisha, juu ya waya wa umeme, kuna ndege sita, na hawana kiingilio.

Msusi hakucheka. Alikuwa amebakiwa na saa moja na robo, na katika saa hiyo moja na robo alikuwa na jambo la kuokoa, jambo ambalo Redio ndiye alikuwa mtu wa mwisho duniani anayepaswa kulijua.

*

Mume wa msusi alifanya kazi kwenye mabwawa ya majitaka ya mji. Kila kitu ambacho mji unakimwaga na kukisahau kilifika kwake kwa bomba. Yeye ndiye aliyesafisha wavu wa kuzuia takataka, aliyezoa mwani, aliyepima kina, aliyefungua na kufunga valvu ili maji yatoke bwawa hili yaingie lile. Ilikuwa kazi ya heshima kwa yeyote anayefikiri, lakini msusi hakuwa amepata nafasi ya kuifikiria. Yeye aliionea haya. Kwa mtaa, kwa wateja, na kwa ukoo wake wote, alisema mumewe yuko idara ya maji, akaishia hapo. Ovaroli alizifulia bafuni na kuzianika nyuma ya nyumba, zimegeuzwa ndani nje ili maandishi ya mgongoni yasisomeke. Mume naye alioga kazini na kurudi amevaa shati la kola. Wakaishi hivyo miaka kumi na moja, na hakuna aliyepiga kelele.

Kilichoharibu mambo kilikuwa kidogo. Wiki tatu nyuma, dada mkubwa wa msusi alikuja kutembea pamoja na mkwe wake mtarajiwa, kijana mwenye adabu na viatu vinavyong'aa. Kijana akamuuliza mwenye nyumba, kwa heshima zote, anafanya kazi gani. Mume akafungua mdomo. Kabla neno halijatoka, msusi akamjibia: yuko ofisini, mambo ya makaratasi. Mume akaufunga mdomo. Akamkaribisha mgeni chai, akacheka palipohitaji kucheka, akawasindikiza mpaka barabarani. Tangu siku hiyo nyumbani akawa anatumia maneno yanayotosha tu. Chumvi. Ufunguo. Taa. Kesho nitachelewa. Hakununa wala hakugomba. Angegomba, msusi angejua pa kuanzia.

Halafu, siku tisa nyuma, alirudi kazini uso umemchangamka akaingia moja kwa moja jikoni. Akauchukua mwiko, akauzamisha kwenye karai la vyombo, akaanza kuupeleka kushoto, kulia, kushoto, kulia, povu likimrukia shati. Akasema kwenye bwawa la tatu ametua ndege mweupe mwenye mdomo kama huu, bapa, mviringo kwenye ncha, na anakula hivi, kwa kukoroga. Domomwiko. Kwa upande huu wa nchi hakuna aliyewahi kumwona. Watu wenye darubini wameanza kuja kila jioni baada ya kazi. Akamwomba mkewe aje amwone.

Msusi alisema tutaona. Siku ya kwanza mvua ilinyesha, siku ya pili alikuwa na bibi harusi, siku ya tatu na ya nne alikuwa na sababu ambazo hata yeye hakuzikumbuka vizuri. Ukweli ni kwamba aliogopa. Aliogopa kuonekana langoni pale, aliogopa harufu, na zaidi ya yote aliogopa kumwona mumewe ndani ya lile alilokuwa akilificha.

Asubuhi ya leo mume alisimama mlangoni, begi begani.

"Kesho wanalikausha bwawa watoe tope," alisema. "Ndege hatakaa tena. Leo nafungua maji saa kumi na mbili kasorobo, na kumi na mbili naondoka kwa lango la nyuma. Ukija, umekuja. Usipokuja, sitakuuliza tena."

Msusi alimjua vya kutosha. Hakuwa anazungumzia ndege peke yake. Alikuwa anasema kwamba lile karai la povu lilikuwa mara ya mwisho yeye kumshirikisha kitu.

*

Msusi alimwambia Redio kwamba atammalizia alfajiri, kabla ya hiyo picha. Redio akakataa katakata. Akakumbusha kisa cha msusi mwingine, wa mtaa wa pili, aliyesema anatoka kidogo, akarudi baada ya siku mbili. Yeye hatoki kwenye kiti na kichwa cha namna hii, labda kiti kitoke naye.

"Basi twende wote," msusi akasema.

Alisikia maneno yake mwenyewe kama ya mtu mwingine. Kumpeleka Redio kule ilikuwa ni sawa na kupita na kipaza sauti nyumba kwa nyumba. Alisimama na kichana mkononi, akapima. Upande mmoja miaka kumi na moja ya kuanika ovaroli kinyumenyume, upande mwingine mtu amesimama mlangoni na begi. Mkono wa saa ukasogea. Akatia rasta, kichana na kikopo cha mafuta kwenye mfuko, akamfunga Redio kilemba, akafunga mlango.

Walipata bajaji kwenye kona. Dereva akauliza wapi. Msusi akasema mabwawani. Dereva akauliza kama ni yale ya kufugia samaki.

"Ya majitaka," msusi akasema.

Dereva akamwangalia kwenye kioo, kisha akatoa taarifa kwamba leo ameiosha bajaji. Redio naye akamwangalia, lakini msusi alikuwa ameshafungua kile kilemba na kuingiza vidole kwenye nywele. Lile neno alikuwa hajawahi kulitamka mbele ya mtu. Lilikuwa jepesi kuliko alivyodhani, ingawa bado hakuwa amesema lolote kuhusu mtu anayefanya kazi huko.

Wakaenda hivyo, Redio amekaa ubavu, msusi anasuka. Kwenye lami mistari ilikwenda vizuri. Kwenye mashimo mstari wa kumi na saba ulikunja kona ambayo haikuwamo kwenye karatasi ya gazeti. Redio alitaka kujua ni ndege wa tabia gani huyo, mwenye dunia nzima ya kuchagua, akachagua choo. Dereva akasema labda hana pua. Wakabishana juu ya pua ya ndege mpaka barabara ikaisha, kukabaki njia ya vumbi, ukuta mrefu, na lango la chuma.

*

Mlinzi aliwaandikisha, akawaelekeza wafuate tuta la nyasi mpaka bwawa la tatu, na wapunguze sauti.

Msusi alivuka lango akiwa amebana pumzi. Alitembea hatua ishirini, thelathini, kisha pumzi ikamshinda, akavuta hewa. Ilinuka majani mabichi na udongo, na kwa mbali kitu kama yai lililochemshwa likasahaulika. Basi. Chumba chake cha kusukia, siku ya dawa za nywele, kilinuka zaidi.

Na mashimo meusi ya kinyesi aliyoyaona kichwani miaka yote hayakuwapo. Yalikuwapo mabwawa sita, mapana, yamepangwa kama trei, yamejaa mbingu. Matuta yalikuwa yamefyekwa sawasawa, na msusi, ambaye jicho lake lilizoea mistari, aliona kwamba aliyeyafyeka alikuwa mtu wa kupenda unyoofu. Bata walikuwa wanaelea kwa mamia. Ndege wadogo wenye miguu ya vijiti walikimbia kwenye tope, wanasimama, wanakimbia tena, kama makarani waliosahau faili. Redio alisimama katikati ya njia, akasema kwa sauti ya chini isiyokuwa yake kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwambia kuwa huku kuna hivi.

Kwenye tuta la bwawa la tatu kulikuwa na watu wanne. Mzee mmoja, mstaafu wa posta, alikuwa na darubini kubwa iliyosimama kwa miguu mitatu. Wauguzi wawili walikuwa bado na sare, wametoka zamu wakaja moja kwa moja. Mfanyakazi wa benki alikuwa amelegeza tai na kukunja suruali mpaka magotini. Wote walinong'ona kama watu walioko karibu na mtoto aliyelala, na kweli kulikuwa na aliyelala. Mzee wa posta alinyoosha kidole. Ng'ambo ya maji walisimama ndege weupe wanane. Saba walikuwa yangeyange wa kawaida. Wa nane alikuwa bonge jeupe juu ya mguu mmoja, kichwa chote kimezama mgongoni. Mdomo hauonekani.

"Nimeacha kichwa nusu," Redio alinong'ona, "nije kumtazama mtu amelala."

Muuguzi mmoja alijiziba mdomo, mabega yakamtetemeka.

Mzee wa posta aliwaambia wasikate tamaa. Fundi atakuja. Fundi akifungua maji, dagaa wa bwawa la pili wataingia kwa wingi na domomwiko ataamka, kila jioni ndivyo afanyavyo, anasubiri kama mteja wa hotelini. Wakaanza kumzungumzia huyo fundi, mmoja akipokezana na mwenzake. Yeye ndiye aliyemtambua ndege siku ya kwanza. Anawajua bata wote kwa sauti, huku amewapa mgongo. Yule wa benki alisema kwa miaka mingi aliogopa hata kuuliza majina ya ndege, mpaka fundi alipomfundisha mmoja mmoja bila kumcheka. Mzee wa posta akasema ameangalia ndege tangu akiwa kijana, na domomwiko alimjua kwenye kitabu tu. Bila fundi angekufa akimjua kwenye kitabu.

Msusi alisikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za jirani aliyehamia juzi. Alimkalisha Redio juu ya ndoo iliyopinduliwa akaendelea kusuka, kwa sababu mikono yake isingekaa bure. Saa kumi na mbili kasorobo, ng'ambo ya bwawa, mtu akatokea kwenye matete. Alivaa suruali ya mpira iliyompanda mpaka kifuani, ameshika nondo ndefu begani, na uso umepakwa tope upande mmoja.

"Na yule maskini?" Redio akauliza.

"Ndiye fundi," akajibu mzee wa posta.

"Jamani." Redio alimtazama kwa huruma ya kweli. "Hivi na yule ana mke nyumbani?"

Mkono wa msusi ulisimama. Ulikuwa mstari wa ishirini na moja. Neno lilikuwa pale pale kwenye ulimi, fupi, halina uzito wowote, na watu watano walikuwa wanasubiri ndege, si yeye.

"Atakuwa naye," akasema.

Akasuka mstari ule mpaka mwisho bila kuuona.

*

Fundi alichomeka nondo kwenye usukani wa valvu akaanza kuzungusha. Alizungusha taratibu, ameinama, midomo inahesabu. Mara ya saba, bomba likakohoa, likatema maji meupe ya povu, na ndani ya maji vitu vidogo vikameremeta kama sindano zilizomwagika. Yangeyange walikimbilia pale wakisukumana. Lile bonge jeupe likatikisika. Shingo ikainuka, na kutoka katikati ya manyoya, polepole, kama mtu anayechomoa upanga alani, ukatoka mdomo.

Mrefu, bapa, wa kijivu, mviringo kwenye ncha. Mwiko mtupu.

Ndege akashuka majini, akauzamisha mdomo, akaanza. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Alitembea akikoroga bwawa zima, hana haraka, kama mpishi anayeogopa uji usishike chini.

"Jamani, anakoroga," Redio alinong'ona. Ilikuwa ni mara ya kwanza maishani mwake kunong'ona mara tatu kwa siku moja. Muuguzi mmoja alikuwa anafuta machozi na kucheka pamoja. Yule wa benki alikuwa amemshika mzee wa posta mkono na hajui kama amemshika.

Mzee wa posta, kwa ukarimu wa mtu aliyeshiba, alimwita msusi aje achungulie. Msusi akainama, akaweka jicho. Ndege akaja mbele yake ghafla, mkubwa, uso mwekundu, jicho la rangi ya majivu, tone la maji kwenye ncha ya mdomo. Msusi alisahau alipo. Ndege akasogea, naye akaisogeza darubini kumfuata, akapitiliza, na ndani ya duara lile hakukuwa tena na ndege. Kulikuwa na mumewe.

Alikuwa karibu kama mtu mnayelalia mto mmoja. Vinyweleo, tope shavuni, kovu dogo la kidevuni. Alikuwa anamtazama ndege na anatabasamu, tabasamu la mtu asiyejua kama anatazamwa, na msusi alishtuka kwa sababu alilijua tabasamu lile na alikuwa hajaliona siku nyingi. Kisha akainua macho kuelekea tuta la watazamaji. Akaanza kupita uso kwa uso. Wauguzi. Mtu wa benki. Mzee wa posta. Mwanamke mmoja aliyekaa juu ya ndoo, nywele zimetimka upande. Mwingine ameinama, kichwa kimefichwa na darubini. Akafika mwisho, akarudi mwanzo, akapita tena.

Msusi aliliona tabasamu likiondoka. Halikuondoka kwa hasira. Liliondoka kama mtu anayetoka chumbani na kuvuta mlango taratibu ili asiwaamshe waliomo. Mume akatikisa kichwa kidogo, akajibu swali lake mwenyewe. Akaifuta mikono kwenye mpira wa suruali, akachomoa nondo, akageuka.

Msusi aliinua kichwa. Bila darubini mumewe alikuwa mdogo kama kijiti cha kiberiti, anatembea kuelekea lango la nyuma.

"Mwiteni," akasema.

Mzee wa posta aliweka kidole mdomoni. Akamweleza kwa mnong'ono kwamba wakipiga kelele ndege wote wataruka, na huyu akiruka jioni hii harudi tena, na kuna watu wengine wanakuja sasa hivi kutoka kazini kwa ajili yake. Msusi akamtazama. Alikuwa mzee mwema na alikuwa na haki. Akamtazama ndege, akatazama ule mgongo. Ulikuwa umefika kwenye matete.

Msusi alikuwa na mapafu ya mwanamke ambaye kwa miaka mingi ameita wateja kutoka ng'ambo ya barabara yenye malori. Akayajaza.

"Mume wangu! Mume wangu wee, nimekuja!"

Bwawa zima likanyanyuka. Bata, yangeyange, makarani wa miguu ya vijiti, wote kwa pamoja, kwa sauti kama ya nguo kubwa inayochanwa. Anga ikajaa mabawa. Domomwiko aliruka wa mwisho, akanyoosha shingo, akapita juu ya vichwa vyao chini kabisa, wakasikia hewa ikipigwa na manyoya, na mwiko wake mbele umechorwa kwenye mwanga wa jua la kuzama kiasi kwamba asiyekuwa na darubini na aliyekuwa nayo waliona sawasawa. Akazunguka mara moja. Akazunguka mara ya pili. Kisha akakunja mabawa na kutua bwawa la pili, karibu zaidi ya alivyowahi kuwa, hatua ishirini tu kutoka kwao, akazamisha mdomo, akakoroga.

Mzee wa posta alikuwa ameshafungua kinywa kumkemea msusi. Alikiacha wazi hivyo hivyo, akaibeba darubini yake kwa miguu yote mitatu na kukimbia nayo kwa magoti ya kijana.

Redio peke yake hakumwangalia ndege.

"Mumeo?" akauliza.

"Mume wangu."

"Huyo huyo wa mpira?"

"Huyo huyo," msusi akasema. "Ana miaka kumi na moja hapa. Na lile neno nililokujibu pale kwenye ndoo, lilikuwa la uongo."

Redio alifikiri. Kisha akasema, kwa uzito, kwamba yeye angekuwa na mume wa kuamsha ndege kwa nondo, mtaa ungejua siku ile ile.

Ng'ambo, mume alikuwa amesimama. Alikuwa ameangusha nondo. Halafu akaanza kukimbia juu ya tuta, na kama hujawahi kumwona mtu akikimbia ndani ya suruali ya mpira inayofika kifuani, ni kama kumwona mtu akikimbia ndani ya pipa. Alijikwaa, akaingia majini mpaka magotini, akatoka, akaendelea. Alifika anahema, maji yanamtiririka, na kwa desturi ya mafundi wenye mikono michafu alinyoosha kifundo cha mkono ili msusi ashike hapo. Msusi alikiruka kifundo akaushika mkono wenyewe, tope na yote, na wa kwake ukiwa na mafuta ya nywele, ikawa vigumu kuushikilia. Akaushikilia.

"Umemwona?" mume akauliza.

"Nimewaona wote wawili."

Mume alijifuta tope shavuni kwa bega. Kisha akamgeukia Redio akamsalimia kwa adabu, na akamuuliza kama nywele zake zilikuwa hivyo tangu mwanzo au ni upepo wa wale ndege.

*

Dereva wa bajaji alikuwa amewasubiri. Alikuwa amepanda juu ya ukuta kuchungulia, akawa na maswali. Mume alikuwa ameoga na kuvaa shati lake la kola, na kama ilivyokuwa kawaida yake kwenye vyombo vya watu, alikwenda kukaa mbele, ubavuni mwa dereva, kwa nusu ya tako, asije akamnukia mtu. Msusi alimvuta shati kutoka nyuma. Wakakaa watatu, msusi katikati, Redio amemgeuzia upande wa kulia uliobaki mistari saba.

Dereva akauliza, hivi yale maji yanatoka wapi hasa?

Ndipo mume akaanza kusema. Alianza na bomba la jikoni la kila nyumba, akashuka nalo chini ya barabara, akafika kwenye wavu, akaeleza vitu vinavyonaswa pale, meno ya bandia mara mbili, pete ya ndoa mara moja, na mwenye pete alivyokuja kulia langoni akaipata. Akaingia bwawa la kwanza, ambako kazi inafanywa na vijidudu. Akaeleza jua linavyosaidia, upepo unavyosaidia, kwa nini mwani ukizidi ni balaa na ukipungua ni balaa. Alisema kwa mikono yote miwili. Redio alijaribu kuingilia mara tatu, akakosa nafasi mara tatu, na mwishowe akatulia anasikiliza, mdomo wazi kidogo, kama redio iliyopata mtu wa kuifungulia. Msusi alisuka kwenye mashimo na kwenye lami, kiwiko chake kimegusana na kiwiko cha mumewe, na hakujali mstari upi umepinda.

Mume alifika bwawa la sita, mahali maji yanapotoka safi na kuingia mtoni, na samaki wanayasubiri. Akanyamaza, kama mtu aliyegundua kwamba amesema sana. Taa za mtaa wao zilikuwa zimeanza kuonekana mbele.

"Hapo kwenye valvu ya bwawa la pili hukunielewesha," msusi akasema.

Alikuwa ameelewa vizuri sana. Mume akamtazama, akasogeza miguu apate nafasi ya mikono, akaanza tena kutoka jikoni.